Tableti ya laki sita na nusu itanilipa kweli au najidanganya?

Kaka Fundi habari za kazi.

Mi ni fundi cherehani niko Morogoro, mtaa naomba nisiutaje maana wateja wangu wanasoma kila kitu. Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, mkubwa yuko form two. Fremu yangu ndogo tu, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo, na msichana mmoja ananisaidia vifungo na kupiga pasi.

Naomba mawazo yako maana hili jambo nazunguka nalo tangu mwezi wa tisa na kila mtu ananiambia lake. Nataka kununua tableti. Sio ya kuchezea, ya kazi. Zamani nilikuwa na yale mabango ya mishono ukutani, mteja ananyoosha kidole anasema nishonee namba 14, yameisha. Siku hizi kila mtu anataka kuona kwenye simu, basi namfungulia picha kwenye simu yangu anaanza kuteleza, anateleza weee mara kafika kwenye picha za mwanangu alivyovunjika mkono, mara risiti ya mkopo, juzi mteja kashika simu meseji ya mume wangu ikadondoka hapo juu, "hela ya gesi umetuma?" Akanirudishia simu anacheka eti dada jibu kwanza ya gesi. Niliona aibu jamani. Na wakati yeye anachagua mi siwezi kupokea simu wala kutoa hela maana simu iko mikononi mwake.

Sasa kuna jirani yangu mwalimu, ana kile kishikwambi walichogawiwa walimu baada ya sensa, Jumamosi moja alikuja kushona akaniachia nikakitumia kama masaa mawili, nikaweka picha zangu. Kaka, mteja alichagua gauni la kichen pati ndani ya dakika kumi! Kwenye simu huwa ni nusu saa na mwisho anasema ngoja nikafikirie. Tangu siku hiyo silali.

Mwezi uliopita nikapanda SGR nikaenda Kariakoo kuulizia. Samsung A9+ ile ya inchi 11 mpya kwenye boksi waliniambia 650,000. Nikaona nyingine jina silijui, imeandikwa 5G, RAM 16, memori 512, kamera tatu nyuma, wanauza 180,000 na wanakupa kava, kibodi na hedifoni juu. Nikajiuliza hii ya 650,000 ina dhahabu? Rafiki yangu yeye anasema nisinunue takataka, ninunue iPad nitakuwa nachora mishono na ile kalamu yake, iPad nilitajiwa 1,150,000 bila kalamu. Na hapa Moro kuna kijana ananifuatilia, anasema ile ile ya Samsung naweza kuichukua kwa mkopo, natanguliza 120,000 halafu nalipa 2,500 kwa siku mwaka mzima, anasema mama hiyo si hela ya soda tu.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema tableti ni simu iliyonenepa, na kwamba nina simu mbili tayari. Ni kweli ya zamani ipo kabatini lakini ina ufa kwenye kioo na chaji haikai.

Hela ninayo. Kikoba tumevunja nimepata 780,000, na mahitaji ya shule ya Januari nimeshayatenga pembeni, kwa hiyo hii ni hela yangu kabisa. Kingine ni kijana wangu anasema akiwa na tableti atasomea.

Sijui kama na hili linahusika ila mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisitoe nyuzi, sina, natuma nguo kwa jirani fremu ya tatu ananipigia kwa mia tano kila nguo, natoa kama nguo sita kwa siku hivi, sikukuu zinazidi. Huyo hana neno ni mtu wangu, ila Jumamosi ana foleni, msichana wangu anaweza kukaa huko lisaa.

Nisaidie kaka. Ninunue au niache? Na kama ninunue ni ipi?

Fundi cherehani, Morogoro

*

Fundi mwenzangu, salama kabisa.

Kwanza nikwambie nyie mafundi cherehani nawafahamu hata kabla hamjajitambulisha. Mtu akiniletea simu "haiingizi chaji" namuwekea taa kwenye tundu, nachukua kijiti cha meno nachokonoa taratibu, zikitoka nyuzi za rangi rangi na manyoya ya kitambaa yamejikunja kama kiota namuuliza unashona wapi. Tundu halijafa, limejaa tu. Nikitoa zile nyuzi waya unaingia mpaka mwisho unasikia "tak", simu inachaji. Kwa hiyo ukija kununua hicho kidude ujue kinaingia kwenye fremu yenye pini, mkasi, pasi ya moto na vumbi la kitambaa, na kioo cha tableti kikipasuka si kama cha simu, kinaweza kula hata nusu ya bei uliyonunulia. Kava gumu na plastiki ya kioo si urembo kwako, vihesabie kwenye bei toka mwanzo.

Sasa nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari ya tableti nikaanza kukuandikia jibu la tableti. Mara ya pili nikafika pale mwisho, "sijui kama na hili linahusika", nikafuta nilichoandika.

Dada, linahusika hilo. Nguo 6 kwa 500 ni 3,000 kwa siku. Piga siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi. Hizo zinatoka kwenye fremu yako zinaenda fremu ya tatu kila mwezi na unaziita "hana neno". Kwa miezi kumi ni 780,000, yaani kikoba chako chote ulichokusanya mwaka mzima unampelekea jirani bila kujua, na hapo sijahesabu lile lisaa la msichana wako kukaa kwenye foleni Jumamosi, siku ambayo we ndo unamhitaji kuliko siku zote. Mi si fundi wa mashine za kushonea, ila mke wa kaka yangu anashona, nimempigia kabla sijakujibu, anasema ovaloki ndogo ya nyuzi tatu na mota yake alinunua 380,000 na inamtosha kwa kazi za mtaani. Ulizia huko kwako bei yako. Ukitoa umeme na nyuzi za ovaloki tuseme ile 78,000 inabaki kama 60,000 safi, basi mashine imejilipa ndani ya miezi saba na baada ya hapo ni yako inakuingizia, na majirani wasio nayo nao watakuletea kwa mia tano yao.

Tableti haifanyi hivyo. Sisemi haina faida, na lile jaribio lako la kishikwambi cha mwalimu ni kitu kizuri sana, wengi wanaoniandikia wanataka kununua kitu hawajawahi hata kukishika, we umekijaribu kwenye kazi yenyewe na mteja wa kweli. (Hilo jina kishikwambi nalipenda, kabla ya sensa ya 2022 ukilisema watu walikuwa wanadhani ni ndege.) Lakini angalia vizuri nini kilitokea siku ile. Mteja alichagua haraka kwa sababu picha ni kubwa, sawa, lakini pia kwa sababu kile kifaa kilikuwa na mishono peke yake. Hakikuwa na mkono uliovunjika, hakikuwa na gesi, hakikuwa na simu zinazoita katikati. Nusu ya shida yako ni kwamba simu moja inafanya kazi mbili, ni mkoba wako na ni duka lako, na wateja wanaingia mpaka kwenye mkoba. Hiyo nusu unaweza kuitibu wiki hii bila Kariakoo.

Ile simu ya kabatini itoe. Mpelekee fundi hapo mjini abadilishe betri, na kioo kama ufa unakata vidole naye aweke kingine, kama ufa ni wa pembeni tu bandika plastiki uendelee. Futa kila kitu humo ndani, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, usiweke laini, usiweke wasap. Weka picha za mishono tu na uzipange kwenye mafolda, magauni ya kitenge peke yake, sare za sendofu peke yake, nguo za watoto, suti za kina mama. Mteja akija mpe hiyo ateleze mpaka achoke, hata ikianguka roho haikuumi sana. Kuna watu watakwambia kwenye simu yako hiyo hiyo unayotumia unaweza kuibana programu moja mteja asitoke, ni kweli ipo kwenye setingi za usalama za Android, ila inamzuia kutoka nje ya galari, haimzuii kuteleza ndani ya galari mpaka kwenye picha za hospitali, kwa hiyo kwako haina msaada.

Na humo humo kwenye hiyo simu piga picha daftari lako la vipimo kurasa zote. Hukulitaja lakini najua unalo, na najua liko karibu na chai.

Ukikaa nayo miezi miwili mitatu utajua kama ulikuwa unahitaji ukubwa au ulikuwa unahitaji faragha. Kama wateja bado wanavuta picha kwa vidole viwili ikue waone shingo imekatwaje, basi ni ukubwa, tableti ina kazi kwako.

Haya tuje kwenye hizo ulizoonyeshwa, maana najua hata nikikwambia usubiri roho yako iko Kariakoo.

Ile ya 180,000 iache hapo hapo ilipo. Nimeshafungua za aina hiyo kwa mikono yangu, jina silitaji maana yako mengi na yanabadilika kila mzigo ukiingia. Mama mmoja aliniletea analia, picha za harusi ya mwanae zimegeuka rangi ya kijivu nyingine hazifunguki kabisa, na tableti imeandikwa 512. Nikaipasha moto pembeni, nikaingiza kadi ya zamani ya benki, nikazunguka mpaka mgongo ukaachia. Ndani betri nyembamba kama biskuti, kamera tatu za nyuma moja tu ndo ina waya, mbili ni vioo vya urembo vimegundishwa. Kuja kuangalia memori yenyewe ni 16, yaani programu imechakachuliwa ionyeshe namba kubwa kwenye skrini, we unajaza picha, zikizidi ile memori ya kweli zinaandikwa juu ya nyingine, huoni kitu mpaka siku unazitafuta. Na hiyo 5G wanayokuandikia mara nyingi sio mtandao wa 5G, ni waifai ya gigahezi 5, ukiwauliza wanakwambia si ndo hiyo hiyo. Kibodi na hedifoni wanazokupa juu ndo zinakufanya usiulize.

iPad ni kitu kizuri sikatai, inadumu na inapata maboresho miaka mingi. Lakini rafiki yako anakununulia ndoto yake. Hujaniandikia popote kwamba unachora, umeniandikia kwamba unaonyesha picha. Kuonyesha picha hakuhitaji 1,150,000 na kalamu ambayo nayo inauzwa peke yake kwa hela yake. Halafu iPad haina sehemu ya memori kadi, ulichonunua ndo hicho hicho. Ukija kushawishika na iPad ya mtumba ya Dubai au Uingereza mwambie muuzaji aifute mbele yako mpaka ifike ukurasa wa kuanza upya kabla hujatoa hata shilingi, kama inaomba akaunti ya mtu mwingine au inakuandikia kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani, rudisha mezani uondoke, mi hizo naletewa kila wiki na wengi siwezi kuwasaidia. Na mtumba wa zamani sana usichukue hata kama unang'aa, iPad ya kizazi cha 6 ya mwaka 2018 kwa mfano ilishaachwa na toleo la 18 la mfumo wao, programu zinaanza kuikataa moja moja.

Huyo kijana wa mkopo sasa. 2,500 mara siku 365 ni 912,500, ongeza kianzio 120,000, jumla 1,032,500. Kitu cha 650,000. Hiyo tofauti ya 382,500 ndo ovaloki yenyewe dada, kwa bei aliyonitajia shemeji yangu inabaki na chenji. Tena vifaa vingi vya mkopo ukichelewa siku kadhaa vinajifunga vyenyewe, hebu fikiria Jumamosi ya sikukuu mteja amekaa kwenye kiti anachagua shingo skrini inageuka inaandika lipa deni. We meseji ya gesi tu ilikutoa jasho.

Inabaki A9+. Hiyo kwa kazi yako ndo ningekuchagulia, ila si leo. Ni toleo la 2023, inchi 11, skrini iko vizuri hata mteja akiitazama kwa pembeni, na ina sehemu ya memori kadi. Lakini nenda ukiwa unajua unauliza nini, maana zipo za RAM 4 na memori 64 na zipo za RAM 8 na memori 128, na jina juu ya boksi ni moja. Hukuniambia hiyo 650,000 ni ya ipi, na nahisi na wao hawakukuambia. Uliza pia ni ya laini au ya waifai tu. We chukua ya waifai tu, picha zako hazihitaji intaneti kufunguka, na siku ukitaka kuingiza mishono mipya unawasha hotispoti kwenye simu dakika tano unazima. Wasap unaiunganisha na ya kwenye simu kwa kuskani ile kodi ya QR, ila kwenye tableti ya dukani mi nisingeiweka kabisa, maana ukiiweka tumerudi kwenye gesi. Ukiamua ya laini basi angalia IMEI, ile namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye boksi na kwenye setingi kama zinafanana, uitume kwenda 15090 ujibiwe ni ya nini, au hukumbuki 2016 TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki watu wakabaki na matofali mkononi.

Kuhusu kijana wa form two mi nina wa kwangu wa darasa la saba kwa hiyo naongea kama mzazi. Vitabu vipo kweli, Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na kusoma ukurasa wa kitabu kwenye inchi 11 ni tofauti kabisa na kwenye simu ambako unasogeza kushoto kulia mpaka sentensi unaisahau. Hilo nalikubali. Ila tableti ya fremu ikianza kurudi nyumbani jioni kusomea, utakuja asubuhi dukani ina chaji asilimia 4 na ina Free Fire. Amua mapema, ni ya fremu au ni ya nyumbani. Mi ningesema jioni ya Ijumaa na Jumapili inakuja nyumbani, siku nyingine inalala kwenye droo ya fremu, ila mwanao unamjua we.

Kwa hiyo mpangilio wangu ungekuwa huu. Kwenye 780,000 toa ovaloki, hapo kwa bei ya 380,000 zinabaki 400,000. Hizo 400,000 zirudishe mahali ambapo huzioni, sio kwenye mkoba. Simu ya kabatini ifanye kazi ya tableti kwa sasa. Kila mwezi ile hela uliyokuwa unampa jirani wa fremu ya tatu weka pembeni, kwa 60,000 miezi minne una 640,000, wa tano umeshavuka na kava umepata, na A9+ kawaida bei inakuwa imeshuka kidogo kwa sababu mpya zinatoka. Kama miezi hiyo ikipita ukakuta simu ya zamani inakutosha, usinunue tu, mi sitakasirika. Huyo jirani ongea naye vizuri lakini, usimhamishie kazi kimya kimya, siku mashine yako ikigoma katikati ya wiki ya sikukuu utamhitaji.

Ukienda Kariakoo nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi wauzaji wana haraka na we utakuwa na haraka ya kuwahi treni. Iwashwe hapo hapo mbele yako, telezesha kidole skrini nzima kona mpaka kona uone kama kuna sehemu haisikii, chomeka chaji, cheza video usikie spika zote, na risiti iandikwe namba ya kifaa sio "tablet 1".

Shemeji mpe salamu. Kuhusu simu iliyonenepa yuko sahihi kabisa, usibishane naye, subiri tu siku ya Simba na Yanga umeme umekatika uone nani atakuja fremuni kuiazima.